Kigali na Rwanda kabla ya 1962: jinsi eneo la mpakani lilivyokuwa dola

Makala hii inaeleza jinsi Rwanda ilivyotoka kwenye ufalme uliokatwa na mipaka ya wakoloni hadi kuwa jamhuri huru tarehe 1 Julai 1962, na jinsi Kigali, kituo kidogo kilichoanzishwa 1907, ilivyokuja kuwa mji mkuu. Wasomaji wetu wengi wanaishi Kigali, Mahama, Kiziba, Kigeme, Mugombwa na Nyabiheke. Maswali wanayoulizwa kila mara, kama vile umetoka upande gani wa mpaka, babu yako alifika lini, una karatasi gani, hayakuanza jana. Mengi yalianza katika miaka inayoelezwa hapa.

Kwa ufupi

- Mipaka ya leo kati ya Rwanda, Kongo na Uganda ilikubaliwa Brussels mwaka 1910. Watu waliokuwa wakiishi huko hawakuulizwa.
- Kigali ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1907. Wakazi wake wa mwanzo walikuwa askari, wapagazi na wafanyabiashara waliotoka nje, na lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili.
- Vitambulisho vyenye kabila vililetwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930, na vilibaki hadi 1994.
- Siasa za vyama zilianza kwa kishindo mwaka 1959. Jamhuri ilizaliwa miaka michache baadaye, na wakimbizi wa kwanza wa Rwanda walikuwa tayari wako nje.

Ufalme na pembe zake

Kabla ya Wazungu kufika, Rwanda ilikuwa ufalme chini ya ukoo wa Wanyiginya. Mfalme, anayeitwa mwami, hakukaa mahali pamoja. Alihama na watu wake kutoka makao hadi makao. Katikati ya nchi amri yake ilikuwa na nguvu, lakini pembezoni hali ilitofautiana. Kaskazini, sehemu kama Bushiru na Mulera zilikuwa na wakuu wao na taratibu zao za ardhi. Kusini magharibi, Bukunzi na Busozo zilikuwa na watawala wao wadogo hadi miaka ya 1920. Gisaka, upande wa mashariki, ilikuwa ufalme wake kabla ya kutekwa katika karne ya 19.

Mfalme Kigeli IV Rwabugiri alipigana vita vingi kupanua nchi, hata kufika kisiwa cha Ijwi katika ziwa Kivu. Alifariki mwaka 1895. Mwaka uliofuata mrithi wake, Mibambwe IV Rutarindwa, alipinduliwa katika mapigano ya Rucunshu. Aliyewekwa kwenye kiti alikuwa Yuhi V Musinga, kijana mdogo. Nguvu ya kweli ilikuwa kwa mama yake, Kanjogera, na mjomba wake, Kabare.

Jambo la kukumbuka ni hili: wakati huo mpaka haukuwa mstari. Ulikuwa eneo ambako amri ya mfalme ilipungua kidogo kidogo, na watu wa lugha moja waliweza kuwa chini ya wakuu tofauti. Familia iliweza kuhama na ng'ombe wake kutoka Rwanda hadi Rutshuru au Bufumbira bila kuvuka nchi yoyote kwa maana ya leo.

Wajerumani wanafika

Mkataba kati ya Ujerumani na Uingereza wa tarehe 1 Julai 1890 uliiweka Rwanda upande wa Wajerumani kwenye ramani. Hakuna afisa wa Kijerumani aliyekuwa amekanyaga makao ya mfalme wakati huo. Gustav Adolf von Götzen alionana na Rwabugiri mwaka 1894, na mwaka 1898 Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Shangi, karibu na ziwa Kivu. Mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, wanaoitwa White Fathers, walianzisha misheni ya Save mwaka 1900.

Musinga na mama yake walikuwa na sababu zao za kuwakubali Wajerumani. Kiti chao kilikuwa kipya na kilikuwa na maadui. Bunduki za wageni ziliwasaidia kuzima uasi, hasa kaskazini. Wajerumani nao walikuwa wachache, kwa hiyo walitawala kupitia mfalme. Kila upande ulimtumia mwenzake. Matokeo yake ni kwamba sehemu ambazo mfalme hakuwahi kuzitawala vizuri ziliingizwa chini ya machifu wake kwa nguvu ya jeshi la kigeni. Mwaka 1912 uasi wa Ndungutse kaskazini ulizimwa kwa namna hiyo. Chuki iliyobaki kaskazini ilirudi baadaye katika siasa za vyama.

Mstari wa 1910

Ujerumani, Uingereza na Ubelgiji ziligombania eneo la volkano na ziwa Kivu kwa miaka mingi. Tarehe 14 Mei 1910 wajumbe wao walikubaliana huko Brussels. Kisiwa cha Ijwi na maeneo ya Jomba na Rutshuru yaliwekwa upande wa Kongo ya Wabelgiji. Bufumbira, yaani Kisoro ya leo, iliwekwa Uganda. Iliyobaki ikawa Rwanda ya Wajerumani.

Maeneo haya hayakuwa sawa. Baadhi yalikuwa yakitoa kodi kwa mfalme wa Rwanda, na mengine yalijitegemea kwa sehemu kubwa. Lakini baada ya 1910 kila kilima kilipewa nchi yake, na watu waliolala jioni wakiwa majirani waliamka wakiwa chini ya serikali mbili. Wazungumzaji wa Kinyarwanda wakawa watu wa makoloni matatu.

Kwa mkimbizi kutoka Kivu, hili si jambo dogo. Liko kwenye kila mjadala kuhusu uraia wa Wakongo wanaozungumza Kinyarwanda: wapo ambao mababu zao hawakuvuka mpaka wowote. Mpaka ndio uliowavuka.

Kigali, 1907

Richard Kandt alikuwa daktari wa Kijerumani aliyekuja kutafuta chanzo cha mto Nile na akabaki. Aliishi karibu na ziwa Kivu, kisha akateuliwa kuwa Residenti, yaani mwakilishi mkuu wa serikali ya Kijerumani nchini Rwanda. Mwaka 1907 alijenga kituo chake juu ya kilima cha Nyarugenge, karibu na mlima Kigali.

Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu za wazi. Ni katikati ya nchi, na njia za kwenda kaskazini, mashariki na kusini zinakutana hapo. Tena palikuwa mbali kiasi na makao ya mfalme huko Nyanza. Residenti alitaka kumsimamia mfalme bila kukaa uani kwake. Tangu mwanzo, basi, Kigali ilikuwa mji wa serikali na biashara, na Nyanza mji wa mfalme. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua mengi mwaka 1962.

Nyumba ya Kandt bado ipo Nyarugenge, na sasa ni makumbusho.

Nani walihamia Kigali?

Pamoja na Residenti walikuja askari waliotoka sehemu nyingine za Afrika Mashariki ya Kijerumani, wapagazi, makarani na wakalimani. Nyuma yao walikuja wafanyabiashara Wahindi, Waarabu na Waswahili kutoka pwani, Tabora na Ujiji. Walileta nguo, shanga na chumvi, wakanunua ngozi. Fedha iliyotumika ilikuwa rupia.

Lugha iliyowaunganisha watu hawa ilikuwa Kiswahili. Wajerumani walikitumia katika utawala, na shule waliyofungua Nyanza kwa watoto wa machifu ilifundisha kwa Kiswahili. Musinga mwenyewe alijifunza kukisoma na kukiandika. Kwa hiyo wanaosema Kiswahili kililetwa Kigali na wakimbizi wa juzi wanakosea. Kilikuwepo siku mji ulipoanza.

Wengi wa wageni hawa walikuwa Waislamu. Msikiti wa Al-Fath wa Nyamirambo, unaohesabiwa kuwa wa kwanza nchini, ulianza mwaka 1913. Waislamu walioa wanawake wa Kinyarwanda, watoto wao wakazaliwa Kigali, na baada ya kizazi kimoja ilikuwa vigumu kusema nani mgeni na nani mwenyeji.

Serikali ya Wabelgiji iliyofuata haikupenda hali hiyo. Iliwaweka Waislamu katika mtaa wao huko Biryogo, ambao Wabelgiji waliuita kambi ya Waswahili, na kutoka hapo kwenda kuishi kwingine kulihitaji ruhusa. Shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi Mwislamu aliyeogopa mtoto wake kubatizwa alimbakisha nyumbani. Neno «Mswahili» likachukua maana ya mtu wa mjini asiyeaminika, asiye na kilima wala ukoo. Yeyote aliyewahi kuishi kambini na kuomba kibali cha kutoka anaelewa maisha ya namna hiyo bila kufafanuliwa.

Wabelgiji na karatasi zao

Majeshi ya Wabelgiji yaliingia Kigali tarehe 6 Mei 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya vita, Ubelgiji ilipewa Rwanda na Burundi chini ya usimamizi wa Shirikisho la Mataifa. Hata hapo mpaka ulichezewa tena. Gisaka ilikabidhiwa Waingereza, waliotaka njia ya reli kati ya Uganda na Tanganyika. Musinga na wamisionari walipinga, na eneo hilo lilirudishwa Rwanda mwanzoni mwa 1924.

Sheria ya 1925 iliunganisha utawala wa Ruanda-Urundi na ule wa Kongo ya Wabelgiji. Makao makuu ya eneo lote yalikuwa Usumbura, yaani Bujumbura. Kigali ilibaki kituo cha Residenti wa Rwanda, na Astrida, yaani Butare, ikawa mji wa shule. Ndiyo maana Kigali haikukua sana kwa miaka 40.

Wabelgiji walibadili mambo matatu makubwa.

*Kwanza, uchifu.* Zamani kilima kimoja kiliweza kuwa na wakuu zaidi ya mmoja: wa ardhi, wa malisho na wa jeshi. Mwananchi aliyeonewa na mmoja alikimbilia kwa mwingine. Kuanzia 1926 nafasi hizo ziliunganishwa kuwa moja, na karibu zote walipewa Watutsi. Wahutu waliokuwa machifu waliondolewa. Mwananchi akabaki na mkubwa mmoja asiye na mpinzani.

*Pili, mfalme.* Musinga hakutaka kubatizwa na aliendelea kubishana na wakoloni. Tarehe 12 Novemba 1931 aliondolewa madarakani, akapelekwa Kamembe na baadaye Kongo, ambako alifariki mwaka 1944. Mwanawe, Mutara III Rudahigwa, aliwekwa mahali pake siku chache baada ya baba kuondolewa.

*Tatu, kitambulisho.* Baada ya hesabu ya watu ya miaka ya 1933 na 1934, kila mtu mzima aliandikwa kuwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Maneno hayo yalikuwepo kabla, na tofauti za hadhi na uonevu zilikuwepo pia. Lakini mtu aliweza kupanda au kushuka kadiri ya mali, ndoa na utumishi wake. Karatasi ilifunga mlango huo. Mtoto alirithi neno lililoandikwa kwenye kitambulisho cha baba yake.

Watu wanahama, watu wanahamishwa

Pamoja na karatasi ilikuja kazi ya shuruti. Wananchi walilazimishwa kulima mihogo na kahawa, kuchimba mitaro na kutengeneza barabara, na wengi walichapwa viboko. Njaa kubwa zilipiga mwaka 1928 na 1929, na tena mwaka 1943 na 1944. Maelfu walikwenda Uganda kulima pamba na kahawa kwa mshahara, na wengi hawakurudi.

Wengine walihamishwa kwa mpango wa serikali. Kuanzia 1937 Wabelgiji walipeleka familia za Wanyarwanda Gishari, katika Masisi, Kivu. Walitaka kupunguza watu Rwanda na kupata wafanyakazi wa mashamba ya walowezi huko Kongo. Mpango huo uliendelea kwa vipindi hadi miaka ya 1950 na uliwahusu makumi ya maelfu ya watu. Wahunde, wenyeji wa Masisi, walijikuta na uchifu mpya wa wageni juu ya ardhi yao. Wageni nao waliambiwa wajenge maisha mapya, na mwaka 1957 uchifu wao wa Gishari ukafutwa.

Kwa hiyo katika Kivu kuna watu wa historia tofauti wanaozungumza lugha moja: waliokuwepo kabla ya 1910, waliopelekwa na Wabelgiji, waliojitafutia kazi wenyewe, na wakimbizi waliofika kuanzia 1959. Siasa za baadaye ziliwachanganya wote. Sheria ya Kongo ya 1972 iliwapa uraia waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu tangu kabla ya 1950. Sheria ya 1981 iliuondoa. Sheria ya 2004 inatambua makabila yaliyokuwepo nchini wakati wa uhuru wa 1960. Katika miaka 32 mtu mmoja aliweza kuwa raia, kutokuwa raia, na kuwa raia tena, akiwa kwenye shamba lile lile.

Siasa zinaanza

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ruanda-Urundi ikawa eneo la udhamini la Umoja wa Mataifa. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulifika kila baada ya miaka michache, na Ubelgiji ilitakiwa kuonyesha kwamba inaiandaa nchi kujitawala. Amri ya 1952 iliunda halmashauri kuanzia uchifu mdogo hadi Halmashauri Kuu ya nchi. Mwaka 1956 wanaume wote wazima walipiga kura kwa mara ya kwanza katika ngazi ya chini. Lakini juu kabisa viti vilibaki karibu vyote kwa tabaka lile lile.

Mfalme Rudahigwa naye alikuwa akitaka mabadiliko. Mwaka 1954 alianza kufuta ubuhake, utaratibu wa mtu kumtumikia bwana ili apate ng'ombe. Lakini ng'ombe bila malisho hawana faida, na suala la ardhi halikutatuliwa.

Mwaka 1957 maandiko mawili yalipambana. Halmashauri Kuu ilidai madaraka yahamishwe haraka kutoka kwa Wabelgiji. Mwezi Machi wasomi tisa Wahutu, akiwemo Grégoire Kayibanda, walitoa tamko lililojulikana kama Ilani ya Wahutu. Walisema tatizo la kwanza ni ukiritimba wa Watutsi katika siasa, uchumi na elimu, na walitaka kabila libaki kwenye vitambulisho ili ukiritimba huo uweze kuhesabiwa. Upande mmoja ulisema «Mbelgiji atoke kwanza», mwingine «ukubwa wa ndani utoke kwanza». Kila upande ulikuwa na dai la kweli, na hakuna chombo kilichowakutanisha.

Kutoka Novemba 1959 hadi Gitarama

Rudahigwa alifariki ghafla Usumbura tarehe 25 Julai 1959. Watu wa makao ya mfalme walimtangaza Kigeli V Ndahindurwa bila kuwauliza Wabelgiji. Katika miezi michache vyama vilisajiliwa: UNAR, kilichotaka uhuru wa haraka na ufalme, RADER, cha wapenda mageuzi, APROSOMA cha Joseph Gitera, na PARMEHUTU cha Kayibanda.

Tarehe 1 Novemba 1959 Dominique Mbonyumutwa, chifu mdogo Mhutu, alishambuliwa na vijana wa UNAR karibu na Gitarama. Uvumi ulienea kwamba ameuawa. Nyumba za Watutsi zilichomwa moto wilaya baada ya wilaya, watu waliuawa, na vikosi vya upande wa mfalme vililipiza kisasi kwa kuwaua viongozi wa Wahutu. Kanali Guy Logiest, Mbelgiji aliyepewa mamlaka ya kijeshi, aliwaondoa machifu wengi Watutsi na kuweka Wahutu. Utawala uliokuwa umewategemea Watutsi kwa zaidi ya miaka 30 uligeuka katika miezi michache.

Katika uchaguzi wa wilaya ndogo wa katikati ya 1960, UNAR iliwataka wafuasi wake wasipige kura. PARMEHUTU ilipata viti 2,390 kati ya 3,125. Mfalme Kigeli alikuwa ameondoka nchini mwaka huo na hakuruhusiwa kurudi. Tarehe 28 Januari 1961 mabourgmestre na madiwani walikusanyika Gitarama, wakatangaza jamhuri na kumchagua Mbonyumutwa kuwa rais. Wabelgiji hawakuwazuia, na Umoja wa Mataifa ulilaumu.

Tarehe 25 Septemba 1961 ilifanyika kura iliyosimamiwa na Umoja wa Mataifa, inayoitwa Kamarampaka, yaani ya kumaliza ubishi. Karibu asilimia 80 walikataa ufalme. PARMEHUTU ilipata viti 35 kati ya 44 vya bunge, UNAR 7 na APROSOMA 2. Mwezi Oktoba bunge lilimchagua Kayibanda kuwa rais.

Kwa nini Kigali?

Umoja wa Mataifa ulitaka Rwanda na Burundi zipate uhuru zikiwa nchi moja. Mazungumzo ya Addis Ababa ya Aprili 1962 yalishindwa. Burundi ilikuwa na mfalme, Rwanda ilikuwa imemkataa wake. Walikubaliana tu kuwa na ushirika wa fedha na forodha, nao ulivunjika baada ya muda mfupi.

Kutengana kuliiacha Rwanda bila mji mkuu, maana Usumbura ilikuwa Burundi. Nyanza ilikuwa alama ya ufalme. Butare ilikuwa na shule na majengo, lakini iko kusini. Kigali ilikuwa katikati, na haikuwa mji wa mfalme. Tarehe 1 Julai 1962 bendera mpya ilipopandishwa, Kigali ilikuwa na wakazi wapatao 6,000 tu. Hesabu ya watu ya 2022 ilipata zaidi ya 1,700,000.

Wakimbizi wa kwanza

Uhuru huo haukuwakuta wote nyumbani. Kuanzia Novemba 1959 familia za Watutsi zilikimbilia Uganda, Burundi, Tanganyika na Kivu. Katikati ya miaka ya 1960 zilikuwa zaidi ya watu laki moja. Nakivale na Oruchinga huko Uganda zilipokea baadhi yao. Kazi ya UNHCR kwa Wanyarwanda hawa ilikuwa miongoni mwa kazi zake za kwanza kusini mwa Sahara.

Wengine walihamishwa ndani ya nchi. Utawala wa Wabelgiji ulipeleka familia zilizochomewa nyumba, nyingi kutoka kaskazini, hadi Nyamata katika Bugesera, pori kavu lenye mbung'o na watu wachache. Ni mwendo mfupi tu kusini mwa Kigali.

Baadhi ya waliokimbia walichukua silaha. Desemba 1963 kundi kutoka Burundi lilipita Bugesera na kukaribia Kigali kabla ya kurudishwa nyuma. Serikali ililipiza kisasi kwa raia waliobaki. Maelfu ya Watutsi waliuawa, hasa Gikongoro, na viongozi wa UNAR na RADER waliokuwa nchini walinyongwa au kupigwa risasi bila hukumu ya haki. Upinzani uliishia hapo. Watoto waliokulia uhamishoni ndio waliorudi na vita vya 1990. Kabila lililoandikwa kwenye kitambulisho lilitumika vizuizini mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Baada ya hapo liliondolewa.

Mfalme Kigeli naye alikufa uhamishoni, Marekani, mwaka 2016, na akazikwa Nyanza mwaka uliofuata. Alikaa nje ya nchi yake zaidi ya miaka 50.

Haya yanatuhusu vipi?

Dola ya 1962 haikuanza na ukurasa mweupe. Ilirithi mpaka uliochorwa Brussels, mji uliojengwa na watu wa nje, na kitambulisho kilichobuniwa na ofisi ya Wabelgiji. Viongozi wake walishinda kura, lakini walitumia karatasi zile zile kuamua nani mwananchi kamili na nani si wa hapa. Kongo ilifanya yake kwa njia ya sheria za uraia. Katika nchi zote mbili, aliyekosa jina sahihi kwenye karatasi ndiye aliyebeba godoro na kuvuka.

Kwa sababu hiyo, tunza kila karatasi ya familia yako: vyeti vya kuzaliwa na ubatizo, kadi za kura, risiti za kodi, hati za shamba, kadi za shule. Andika pia majina ya babu na bibi, kilima au kijiji walikozaliwa, na mwaka wa kila safari, hata kwa daftari la shule. Wazee waliobaki wanaokumbuka Gishari au safari ya 1959 wanapungua, na wanachokijua hakipo kwenye faili la ofisi yoyote.

Tarehe muhimu

- 1895: Rwabugiri anafariki.
- 1907: Kandt anaanzisha Kigali.
- 1910: Mkataba wa mipaka, Brussels.
- 1916: Wabelgiji wanaingia Kigali.
- 1931: Musinga anaondolewa.
- 1933–1934: Hesabu ya watu, kabila laandikwa kwenye kitambulisho.
- 1937: Familia za kwanza zinapelekwa Gishari.
- 1946: Eneo la udhamini la Umoja wa Mataifa.
- 1957: Ilani ya Wahutu.
- 1959: Kifo cha Rudahigwa, machafuko ya Novemba.
- 28 Januari 1961: Jamhuri yatangazwa Gitarama.
- 25 Septemba 1961: Kamarampaka.
- 1 Julai 1962: Uhuru, Kigali mji mkuu.

Maneno utakayoyasikia Kigali

- *Akazi*: kazi. Wakati wa Wabelgiji lilimaanisha kazi ya shuruti. Limetoka kwenye Kiswahili.
- *Leta*: serikali. Limetoka kwenye Kifaransa, na hutumika pia katika Kiswahili cha Kongo.
- *Ishuri*: shule. Limetoka kwenye Kijerumani.
- *Ibuku*: jina la zamani la kitambulisho chenye kabila.
- *Umuswahili*: zamani Mwislamu au mtu wa mjini, mara nyingi kwa dharau. Kiswahili chenyewe ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017.